Je, Wajua? Hata Magwiji Walianza kwa Kumfuata Mtu

Kijana anayeandika hadithi kwenye daftari pale Runzewe, wilayani Bukombe, huenda anamfuata mwandishi aliyekutana naye sekondari: Ben Hanson wa Takadini, Emmanuel Mbogo wa Watoto wa Mama N'tilie, au Edwin Semzaba wa Ngoswe. Asione haya. Waliomtangulia walianza hivyo hivyo, kisha wakahama.

Je, wajua kwamba Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Namagondo, Ukerewe, mwaka 1944, aliandika tasnifu yake ya uzamili kuhusu riwaya za Shaaban Robert? Ilikuwa mwaka 1976, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Lakini miaka miwili kabla ya hapo alikwisha kutoa Kichomi, diwani yenye mashairi mengi yasiyojali vina wala mizani, vitu ambavyo Shaaban Robert alivitunza maisha yake yote. Washairi wa kimapokeo walikuja juu. Wapo waliokataa kabisa kuyaita mashairi. Mimi sioni utovu wa adabu hapo. Mtu anayekaa na kazi za mzee mpaka akaziandikia tasnifu amemheshimu kuliko anayenakili beti zake. Katika Kichwamaji, riwaya ya mwaka huo huo wa 1974, wahakiki wanaona kivuli cha Albert Camus na falsafa ya udhanaishi. Kisha zikaja Nagona (1990) na Mzingile (1991), vitabu vyembamba ambamo ndoto, visasili na falsafa vimefumwa pamoja hata msomaji anashindwa kusema mwandishi anamfuata nani. Kwangu hapo ndipo alipofika.

Je, wajua kwamba kisiwa hicho hicho cha Ukerewe kilimtoa Aniceti Kitereza? Alimaliza riwaya yake ya Myombekere na Bugonoka mwaka 1945, kwa Kikerewe. Hakupata mchapishaji. Akaitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, ikatoka mwaka 1980, na mwaka uliofuata akafariki. Aliyekuja kuifasiri kwa Kiingereza, mwaka 2002, ni Mkerewe mwenzake, Gabriel Ruhumbika. Huyu riwaya yake ya kwanza, ya mwaka 1969, aliiandika kwa Kiingereza. Baadaye akageukia Kiswahili na kutupa Miradi Bubu ya Wazalendo na Janga Sugu la Wazawa. Alianza ujanani na lugha ya mbali, na utu uzima ukamkuta akimtumikia mzee wa kwao. Inanigusa sana safari hiyo.

Je, wajua kwamba Ngũgĩ wa Thiong'o alipokuwa Makerere alizama katika kazi za Joseph Conrad? Huko Leeds akamtafiti George Lamming wa Barbados, akamsoma Frantz Fanon. Mwishoni mwa 1977 aliwekwa kizuizini baada ya tamthilia ya Kigikuyu iliyochezwa na wanakijiji wa Kamĩrĩĩthũ, na hapo akahama: riwaya aliyoiandika gerezani aliiandika kwa Kigikuyu, juu ya karatasi za chooni.

Mwandishi wa tamthilia Ebrahim Hussein naye alitoka kwenye jukwaa lenye wahusika wengi la Kinjeketile (1969) akaenda kwa msimulizi mmoja wa ngano katika Jogoo Kijijini (1976).

Na Wasukuma wa ukanda huu wamelijua jambo hili la kufuata kisha kuhama kabla ya vitabu. Makundi ya ngoma ya Bagika na Bagalu yalitokana na manju wawili mahasimu, Ngika na Gumha, na kijana huimba kwanza nyimbo za manju wake ndipo azue zake.

Walimu wa Kiswahili wa Bukombe na Geita yote, mpeni mwanafunzi anayeandika walau kitabu kimoja nje ya vile vya mtihani. Anzeni na Kitereza. Ni wa Kanda ya Ziwa, jirani yetu, na vijana wengi wanamaliza shule bila kulisikia jina lake.