Kiangazi si ukame: Kamera inavyoiona Oldonyiro na kaskazini mwa Kenya

WAPENZI wa picha za mandhari wanaijua vyema sura ya majira ya baridi katika nchi za kaskazini mwa dunia: ziwa lililoganda, miti iliyopukutisha majani na jua linalochungulia kwa mbali bila kupanda. Kandokando ya Ziwa Inari nchini Finland, mathalan, jua halichomozi kabisa tangu mwanzoni mwa Desemba hadi mapema Januari. Linaporejea, hukaa chini karibu na upeo wa macho na kumpa mpigapicha mwanga laini kwa muda wote linapoonekana.

Kenya nayo ina kaskazini yake, ina ziwa lake kuu na ina majira yake ya miti kuvuliwa majani. Tofauti ni kwamba huku kinachoivua miti ni ukavu wala si baridi.

Chukua mfano wa Oldonyiro, mji mdogo wa wafugaji ulioko magharibi mwa Kaunti ya Isiolo, karibu na mipaka ya Samburu na Laikipia. Mvua za masika zinapokoma mwezi Mei, hufuata kipupwe, yaani miezi ya Juni, Julai na Agosti, ambapo asubuhi huwa na ubaridi na upepo hauishi kupuliza. Nyasi hukauka na kuwa nyeupe. Miti ya jamii ya manemane hubakia vijiti vitupu vya rangi ya kijivu, na mito ya msimu huwa njia za mchanga. Anayepita huko kwa mara ya kwanza hudhani nyika nzima imekufa. La hasha! Mvua za vuli zinaponyesha mwezi Oktoba au Novemba, vijiti vile vile huchipuza majani katika muda wa siku chache tu.

Hapo ndipo penye shida kwa mwenye kamera na kwa msomaji anayeziona picha zake. Picha iliyopigwa mwezi Agosti wa mwaka wa kawaida, na nyingine iliyopigwa Agosti ya mwaka wa janga, zaweza kufanana mno machoni pa mtu aliyeko Nairobi, sembuse aliyeko London. Mfugaji akizitazama hatadanganyika. Atatazama mbavu za ng'ombe, atatazama kama mbuzi bado wana kitu cha kutafuna, na atauliza ni mwezi gani. Kiangazi ni majira yanayokuja kila mwaka na watu wamejipanga kwayo kwa kuhamisha mifugo na kuchimba visima kwenye mchanga wa mito. Ukame ni kule kukosekana kwa mvua iliyotarajiwa.

Ukame wenyewe tuliushuhudia. Kuanzia mwishoni mwa 2020 hadi mapema 2023, misimu mitano ya mvua ilifuatana bila mvua ya kutosha katika Pembe ya Afrika. Serikali ya Kenya ilitangaza ukame kuwa janga la kitaifa mwezi Septemba 2021, na hadi ulipokwisha, mifugo ipatayo milioni 2.5 ilikuwa imekufa nchini. Picha za mizoga zilizosambazwa wakati huo zilikuwa za kweli, na pasipo hizo huenda walimwengu wasingejali.

Hata hivyo, picha ya kweli nayo huhitaji maelezo. Mnamo Desemba 2021 mpigapicha Ed Ram alipiga kutoka angani picha ya twiga sita waliokufa katika hifadhi ya Sabuli, Kaunti ya Wajir. Ilizunguka dunia nzima. Twiga wale wanaonekana wamelala pamoja kana kwamba walianguka kwa wakati mmoja wakiwa safarini. Maelezo yaliyoambatana na picha yalisema jambo tofauti: walinasa kwenye tope walipojaribu kunywa maji katika bwawa lililokaribia kukauka, kisha mizoga yao ikahamishwa ili isichafue maji yaliyosalia. Ukiyaondoa maelezo hayo, msomaji hatajua kwamba palikuwapo watu waliokuwa wakilinda maji yao.

Mkenya aliyeifahamu nguvu hii kuliko wengi ni marehemu Mohamed Amin. Filamu aliyopiga Korem, Ethiopia, na kuonyeshwa na BBC pamoja na taarifa ya Michael Buerk tarehe 23 Oktoba 1984, iliamsha dunia kuhusu njaa na kuchochea michango mikubwa mno. Lakini miaka mitatu kabla ya hapo, mwaka 1981, Amin huyo huyo alikuwa amechapisha kitabu cha picha kuhusu Ziwa Turkana na jamii zinazoishi kandokando yake. Alilipiga ziwa lile na watu wake wakiwa katika maisha yao ya kila siku, bila kungoja msiba uwafike. Dunia inamkumbuka kwa Korem. Kwa maoni ya mwandishi huyu, kazi ya Turkana ndiyo inayopaswa kuigwa zaidi na vijana wetu wenye kamera, kwa sababu anayeijua sura ya mahali siku za kawaida ndiye atakayetambua mambo yanapoharibika.

Sasa tuje kwenye ufundi, ambao huku una masharti yake. Oldonyiro iko karibu sana na Ikweta, kwa hivyo jua hupanda na kushuka karibu wima. Huchomoza mnamo saa kumi na mbili na nusu asubuhi, na kufikia saa mbili na nusu mwanga tayari ni mkali na vivuli vinafupika. Jioni likishazama, giza hutanda kwa muda wa dakika ishirini hivi. Anayetaka mwanga laini hana budi kuwa tayari mahali pake kabla ya alfajiri, maana hatapata fursa ndefu kama ya wenzake wa Ulaya. Vumbi linalopeperushwa na upepo wa kipupwe huyafanya machweo yawe mekundu ya kuvutia, lakini pia huingia ndani ya kamera. Heri kutobadilisha lenzi ukiwa nje.

Kuna jambo moja ambalo mpigapicha wa theluji na wa nyika hukabiliana nalo kwa namna moja. Kamera hukadiria mwanga kwa kudhani kwamba kila inachokiona kina weupe na weusi wa wastani. Elekeza kamera kwenye theluji, nayo itaifanya theluji kuwa ya kijivu. Elekeza kwa mchungaji aliyesimama mbele ya nyasi zilizokauka na ardhi nyeupe saa sita mchana, nayo itapunguza mwanga hadi uso wake uwe kivuli kisichotambulika. Dawa ni kuongeza mwanga kuliko kamera inavyopendekeza, ama kupima mwanga usoni pake badala ya ardhini. Picha nyingi za wafugaji wetu zimeharibika hivyo, nyuso hazionekani, na mtu asiye na uso ni rahisi kumwita mwathiriwa tu.

Anayeendelea kaskazini kupitia Maralal, Baragoi na South Horr hadi Loiyangalani, kwenye ufuo wa Ziwa Turkana, atapambana na upepo mkali zaidi. Hewa hubanwa kati ya nyanda za juu za Ethiopia na zile za Kenya, na nguvu yake huzidi usiku na asubuhi na mapema, wakati ule ule ambao mpigapicha anautaka. Upepo huo ndio unaoendesha mitambo 365 ya umeme iliyosimikwa eneo hilo. Stendi ya miguu mitatu isiyoning'inizwa mzigo wa mawe haitasimama.

Lipo pia suala la idhini. Kwenye baadhi ya visima ambako wafugaji wa Kisamburu huteka maji huku wakiwaimbia mifugo yao, wageni huombwa wasipige picha, nao wanapaswa kutii. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inaitambua picha ya mtu kuwa habari yake binafsi. Mnamo 2023 shule moja ilitozwa faini ya zaidi ya shilingi milioni nne kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila ruhusa ya wazazi. Mtoto wa mfugaji wa Oldonyiro analindwa na sheria hiyo hiyo, hata kama mzazi wake hajawahi kuisikia.

Kwa hivyo kabla ya kuituma picha, andika mahali, mwezi na mwaka, na ueleze kama mvua ya msimu uliotangulia ilinyesha au haikunyesha. Wazee wa sokoni watakuambia bila malipo, tena kwa undani. Kisha rudi Novemba, usimame pale pale, uupige mti ule ule.