Uanaume, Mila na Injili katika Usukuma

Utangulizi

Katika makala hii tunakusudia kueleza jinsi jamii ya Wasukuma inavyomfinyanga mwanamume, na jinsi Injili inavyouhoji ufinyanzi huo. Tunaitazama hasa Mwamanyili, kata ya Wilaya ya Busega, ambayo kabla ya Mkoa wa Simiyu kuanzishwa mwaka 2012 ilihesabiwa katika Wilaya ya Magu, mkoani Mwanza. Ni nchi ya wakulima wa pamba, wafugaji na wavuvi wa Ziwa Viktoria. Mchungaji anayehudumu katika nchi kama hii hukutana na jambo hili katika darasa la kipaimara, katika kikao cha mahari, katika baraza la usuluhishi wa ndoa, na mara nyingine makaburini.

Swali letu ni hili: Je, yale tunayoyaita "ya kiume" yametoka katika uumbaji wa Mungu, au yametungwa na wanadamu kwa mahitaji ya nyakati zao? Jibu lina uzito. Lililo la uumbaji hatuna ruhusa ya kulitangua. Bali lililotungwa na wanadamu laweza kupimwa, kuhukumiwa na kutengenezwa upya.

1. Lugha inavyofundisha

Mtoto hupokea mafundisho juu ya mume na mke kabla hajajua kwamba anafundishwa. Katika Kiswahili mwanamume huoa, na mwanamke huolewa. Mmoja ni mtenda, mwingine ni mtendwa. Mkono wa kulia huitwa mkono wa kuume, na wa kushoto, katika Kiswahili cha pwani, huitwa mkono wa kuke. Neno "kuume" limo katika Biblia yetu ya mwaka 1952, hata tunapomtaja Kristo aliyeketi mahali pa heshima tunataja upande wa kiume. Hatusemi maneno hayo yafutwe. Tunasema tu kwamba lugha si chombo kitupu.

Mvulana akiumia huambiwa ajikaze kiume; akilia huambiwa asilie kama mwanamke. Kwa maneno hayo machache amefundishwa mambo mawili: kwamba huzuni ni aibu, na kwamba mama yake na dada zake ni watu wa chini.

Katika Kisukuma mwanamume ni ngosha, na neno hili limeenea nchini kote. Katika vichekesho, ngosha huonyeshwa kama mtu mwenye nguvu nyingi, ng'ombe wengi na akili nzito. Kinyume chake, Fid Q, msanii wa muziki wa kufokafoka kutoka Mwanza, alilivaa jina hilo kwa fahari. Kejeli na fahari hizi zimepikwa katika chungu kimoja. Zote mbili hudhani kwamba mwanamume anajulikana tayari, kabla mtu mwenyewe hajasema neno.

2. Uanaume una historia

Tukichunguza yaliyopita, tunaona kwamba kipimo cha mwanamume hakikukaa mahali pamoja. Katika karne ya 19 vijana wa Kisukuma na Kinyamwezi walichukua mizigo katika misafara ya pembe za ndovu kwenda pwani. Safari hiyo ilikuwa kama jando: aliyerudi aliheshimiwa, na aliyebaki nyumbani alidharauliwa. Hata hivyo wanawake nao walisafiri katika misafara hiyo, ingawa sifa haikuwa yao.

Pamba ilipostawi baada ya Vita vya Pili vya Dunia, kipimo kikawa fedha za mavuno na ng'ombe walionunuliwa kwa fedha hizo. Palizi na uchumaji viliwategemea sana wanawake na watoto, lakini mauzo mara nyingi yalipita mikononi mwa mume. Kwa mila, mahari ya ng'ombe ndiyo iliyowaingiza watoto katika ukoo wa baba. Hivyo kijana asiye na zizi alikuwa bado mtoto, hata kama ana ndevu.

Halafu, mwaka 1981 na 1982, likatokea Sungusungu, jeshi la jadi lililoanzia pande za Kahama na kuenea Usukuma nzima. Wizi wa mifugo ulikuwa umezidi, na silaha zilikuwa zimezagaa baada ya vita vya Uganda vya 1978 na 1979. Mwanamume akawa mlinzi mwenye upinde na mishale. Kazi hiyo ilileta usalama wa kweli, na wengi walishukuru. Lakini mkono uleule uliomkamata mwizi uliwahi kumnyooshea kidole bibi kizee aliyeshukiwa uchawi.

Ziko pia ngoma. Baada ya mavuno, vyama vya Bagika na Bagalu, vinavyowataja Ngika na Gumha kuwa waasisi wao, hushindana kuvuta umati wa watazamaji. Wanaume hujipamba, huvaa njuga, hucheza na majembe katika bugobogobo, wala hakuna anayesema wamejifanya wanawake. Kumbe mila yenyewe inajua kwamba pambo, wimbo na furaha si mali ya jinsia moja. Twapaswa kulikumbuka hilo tunapoambiwa kwamba desturi zetu hazijui mwanamume ila yule mkali.

3. Gharama yake

Uanaume unaodai kuthibitishwa kila siku hulipiwa na wengine. Binti hugeuzwa daraja la ng'ombe kutoka zizi moja kwenda jingine. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliruhusu binti aolewe akiwa na miaka 15 kwa idhini ya mzazi, hali mvulana alitakiwa kufikisha 18. Mahakama Kuu ilitamka mwaka 2016 kwamba tofauti hiyo ni kinyume cha Katiba, na Mahakama ya Rufani ikaithibitisha hukumu hiyo mwaka 2019. Lakini sheria hiyohiyo ya 1971, katika kifungu cha 66, ilitangaza kwamba hakuna mwenye haki ya kumpiga mwenzi wake, mila isemeje. Waume wangapi katika sharika zetu wameambiwa hivyo?

Tena kuna damu. Kati ya mwaka 1970 na 1984 watu zaidi ya 3,600 waliuawa Tanzania Bara kwa tuhuma za uchawi. Wengi wao walikuwa wanawake, na sehemu kubwa ya mauaji hayo ilitokea Usukuma. Macho mekundu ya bibi aliyepika miaka hamsini kwenye moshi wa mafiga yalihesabiwa kuwa ushahidi. Alama ya utumishi wake jikoni ikawa hati yake ya kifo.

Mwanamume mwenyewe pia hulipa. Aliyekatazwa kulia hukosa njia ya kuomba msaada. Mvua isiponyesha na pamba ikikauka, yeye hujiona amekauka pamoja nayo.

4. Injili inasema nini

Maandiko yanasema kwamba mume na mke wote wameumbwa kwa mfano wa Mungu (Mwanzo 1:27). Kutawaliwa kwa mke kunatajwa baada ya anguko (Mwanzo 3:16), pamoja na miiba na jasho. Hatuisifu miiba kwa kuwa imetajwa katika Biblia, twaing'oa. Mtume Paulo, kabla ya kusema habari ya mume kuwa kichwa, anawaagiza wote kunyenyekeana (Waefeso 5:21), kisha anampa mume kipimo kimoja: Kristo aliyejitoa (5:25). Naye Kristo alilia mbele ya watu (Yohana 11:35), aliosha miguu (Yohana 13), na alipokea matunzo ya wanawake kwa mali zao (Luka 8:1-3).

Sisi Walutheri tunalo neno la pekee hapa. Uanaume unaopaswa kuthibitishwa kwa mizigo, ng'ombe, upinde au fimbo ni namna ya kutafuta haki kwa matendo. Nao una tabia ileile aliyoieleza Luther: haumpi mtu amani kamwe, kwa maana tendo la jana halitoshi leo. Mtu aliyehesabiwa haki kwa imani hana cha kuthibitisha. Mikono yake imefunguliwa kumtumikia jirani, na jirani wa kwanza ni mkewe. Luther mwenyewe, katika kitabu chake juu ya ndoa cha mwaka 1522, aliandika kwamba baba anayefua nepi za mtoto wake kwa imani, hata watu wakimcheka, humfurahisha Mungu pamoja na malaika.

Wako wanaoogopa kwamba mafundisho haya yatabomoa nyumba. Twajibu: nyumba inayosimama kwa hofu ya mtu mmoja imekwisha kubomoka ndani, ingawa paa lipo.

Hitimisho

Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania lilikubali mwaka 1990 kuwabariki wanawake kuwa wachungaji. Lililowezekana madhabahuni liwezekane na nyumbani. Tunapendekeza kwamba mafundisho ya kipaimara yawaeleze wavulana, kwa wazi, habari za machozi ya Yesu na miguu aliyoiosha. Kwamba wachumba wasomewe kifungu cha 66 pamoja na Waefeso 5. Na kwamba wazee wa kanisa wasimame hadharani upande wa bibi anayenong'onezwa uchawi, kabla usiku haujaingia. Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529 iliandikwa ili baba awafundishe watu wa nyumbani mwake. Basi na aanze kwa kuwafundisha jinsi mtu mwenye nguvu anavyotumikia.