Gemu za kale zimerudi: Jihadhari na mwanga unaomwangusha mtoto

JUMA hili tutazungumzia jambo ambalo huenda ukalidharau kwa kudhani ni la mchezo tu. Kenya ilipozima mitambo ya televisheni ya analojia mwaka 2015, watu wengi waliziondoa sebuleni televisheni za kisogo, yaani zile zenye mgongo mkubwa kama sanduku. Zingine ziliingia stoo, zingine zikabaki kwenye rafu za mafundi kuanzia Kisumu mjini hadi huku kwetu Kisian. Lakini wapo wanaozitafuta kwa bidii. Hao ni wapenzi wa gemu za kale, wanaotaka kuzicheza kwenye mashine zenyewe za zamani wala si kwenye simu.

Kwa kawaida ni baba au mjomba aliyekuwa kijana katika miaka ya tisini. Anakumbuka mashine za kaseti zilizouzwa mijini mwetu, nyingi zikiwa za kuigiza Famicom, ambayo kampuni ya Nintendo iliitoa Japani mwaka 1983. Anaitafuta mashine, anatafuta televisheni ya kuifaa, kisha anawaita watoto waone raha aliyoijua yeye. Hakuna ubaya katika hilo. Kuna jambo moja tu ambalo mwenye nyumba anapaswa kulifahamu kabla ya kuwasha: kwa watoto wachache, mwanga wa kioo hicho unaweza kuamsha kifafa.

Kwa nini lazima iwe televisheni ya kisogo?

Huenda ukauliza kwa nini watu hawa wasitumie televisheni bapa ya kisasa. Jibu limo katika jinsi picha inavyotengenezwa. Ndani ya televisheni ya kisogo mna mrija mkubwa wa kioo, na mstari mwembamba wa umeme hupita ndani yake ukichora picha kutoka juu hadi chini. Mara tu mashine inapotuma picha, kioo kinaichora papo hapo. Televisheni bapa hupokea picha, huipanga kwanza, ndipo huionyesha. Ucheleweshaji huo ni mdogo sana, lakini mchezaji hodari huuhisi kidoleni.

Mfano mzuri ni gemu ya Duck Hunt ya mwaka 1984, ambayo mchezaji huwalenga bata kwa bunduki ya plastiki. Unapovuta kifyatulio, kioo chote huwa cheusi kwa muda mfupi mno, kisha mraba mweupe huchorwa pale bata alipo. Bunduki yenyewe hairushi kitu. Ndani yake mna kipokezi cha mwanga, nacho kikiuona ule weupe, mashine huhesabu kwamba umelenga. Kwenye televisheni bapa weupe huo huchelewa kufika, na bunduki hiyo ya zamani haifanyi kazi hata ulenge vipi.

Sasa tazama, msomaji. Kila anapofyatua, mtoto analetewa giza na mwako. Naye akitaka kuwamaliza bata wote husogea mbele, hadi mdomo wa bunduki unakaribia kugusa kioo.

Mwanga na ubongo

Seli za ubongo huwasiliana kwa umeme mdogo sana, kila kundi likifanya kazi yake. Kifafa hutokea pale seli nyingi zinaporusha umeme kwa pamoja bila mpango. Kwa watu wengi wenye kifafa, mwanga hauna uhusiano wowote na kuanguka kwao. Lakini takriban watu 3 hadi 5 kati ya kila 100 wenye kifafa wana aina inayoamshwa na mwanga unaowaka na kuzima. Katika jamii nzima hiyo ni kama mtu 1 kati ya 4,000, na huonekana zaidi kati ya umri wa miaka 7 na 19, ambao ndio hasa umri wa wapenda gemu.

Mwako ulio hatari zaidi kwa watu hawa ni ule unaorudiwa mara 15 hadi 25 kwa sekunde, ingawa kwa wengine hata mwako wa zaidi ya mara 3 kwa sekunde unatosha. Televisheni ya kisogo ya mfumo wa PAL, uliotumika hapa Kenya, huchora kioo mara 50 kila sekunde. Macho yetu hayatambui kumemeta huko, lakini ubongo wa baadhi ya wagonjwa hukutambua. Kadiri mtoto anavyokaribia ndivyo kioo kinavyojaza macho yake, na ndivyo sehemu kubwa zaidi ya ubongo inavyochokozwa. Ndiyo maana gemu ile ile ina hatari zaidi kwenye televisheni ya kisogo kuliko kwenye televisheni bapa iliyo mbali. Televisheni bapa huondoa kumemeta kwa kioo, lakini haiondoi miako iliyowekwa ndani ya gemu yenyewe.

Gemu nyingi za kale zilitungwa kabla watengenezaji hawajaanza kuipima miako yao. Nchini Uingereza, tangazo moja la tambi liliwaangusha watu mwaka 1993, ndipo masharti ya mwanga wa televisheni yakawekwa. Nchini Japani, Desemba 16, 1997, katuni ya Pokémon ilionyesha miako ya rangi nyekundu na buluu mara 12 kwa sekunde, na watoto 685 wakakimbizwa hospitalini. Hakuna aliyefariki. Lakini jambo la kukumbuka ni hili: wengi wao hawakuwa wamewahi kuanguka kabla ya siku hiyo. Mzazi hawezi kusema kwa uhakika kwamba mtoto wake hana tatizo hilo eti kwa sababu hajawahi kuliona.

Dalili ambazo mzazi asizipuuze

Si kila kifafa huja kwa kuanguka na kutetemeka. Mtoto anaweza kukodoa macho na kunyamaza kwa sekunde chache, asikusikie ukimwita. Wengine mikono huwaruka ghafula, hasa asubuhi baada ya kuamka, kikombe cha chai kikawaponyoka. Nyumbani anakaripiwa kwa uzembe, kumbe ni ugonjwa. Hali hiyo huzidi akikosa usingizi, na hapo gemu inadhuru mara mbili: inampa mwanga na inamnyima usiku wa kulala.

Akianguka, fanya haya. Mwondolee vitu vigumu na vyenye moto vilivyo karibu. Mlaze kwa ubavu ili mate yatoke, na umwekee kitu laini chini ya kichwa. Legeza kola. Tazama saa. Usimshike kwa nguvu, usimtie kijiko wala kitambaa mdomoni, na usimpe maji kabla hajapata fahamu. Ikipita dakika 5 bila kutulia, au akianguka tena kabla hajazinduka, mkimbize hospitalini. Wala usiogope mate yake, kwani kifafa hakiambukizi kwa mate wala kwa kumgusa mgonjwa.

Nasi tunaoishi kando ya Ziwa Victoria tuna sababu ya kuwa waangalifu zaidi. Degedege la mtoto mwenye homa huenda likawa malaria iliyopanda kichwani. Taasisi ya utafiti wa tiba, KEMRI, iliyoko hapa Kisian imeichunguza malaria kwa miaka mingi, na bado ugonjwa huo unaua watoto wa eneo hili. Kwa hivyo usiilaumu gemu kabla damu haijapimwa. Mtoto mwenye homa aliyetetemeka apelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo.

Kinachoua zaidi

Mara nyingi mtukutiko wenyewe hupita bila kuua. Kinachomsubiri mtu anapoanguka ndicho kinachotisha: jiko la makaa, mafiga matatu, pikipiki ya bodaboda, na ziwa. Kijana ambaye kifafa chake hakijadhibitiwa asiingie majini peke yake wala asiende kuvua. Asiendeshe bodaboda, na asiachiwe sufuria ya ugali iliyo motoni.

Hapa ndipo jina la ugonjwa lina maana. Familia inayoamini kwamba mtoto amerogwa huzunguka kwa waganga miezi mingi, huku mtoto akiendelea kwenda ziwani bila dawa. Inayojua kwamba ni kifafa humpeleka kwa daktari, naye atasikiliza maelezo ya walioshuhudia na, ikibidi, kuagiza kipimo cha umeme wa ubongo. Wengi wanaotumia dawa ipasavyo hukaa bila kuanguka, wakasoma na kufanya kazi kama wenzao. Dawa haikatizwi ghafula hata mgonjwa akijiona mzima. Kwa msichana anayeweza kupata mimba, mwulize daktari kuhusu dawa inayofaa, kwa sababu dawa ya valproate, ambayo hutumiwa sana kwa kifafa cha mwanga, inaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni.

Kucheza bila kuumia

Je, tuzitupe mashine hizo? La. Kwa mtoto asiye na tatizo, hakuna sababu ya kumnyima mchezo. Fuata tu masharti haya:

Kwanza, mchezaji akae angalau mita 2 kutoka kwenye kioo. Akitumia bunduki, piga mstari sakafuni asiouvuka.

Pili, taa ya chumba iwe imewashwa. Kioo king'aacho ndani ya chumba chenye giza huzidisha tofauti ya mwanga, na tofauti hiyo ndiyo inayochokoza ubongo.

Tatu, punguza mng'aro wa kioo, na mtoto apumzike kwa dakika 10 au 15 kila baada ya saa moja. Asicheze akiwa na usingizi, njaa au homa.

Nne, mtoto akianza kuhisi kizunguzungu, kuona mawingu au kurukwa na mkono, afunike jicho moja kwa kiganja, ageuze uso na aache mchezo. Kuziba jicho moja hupunguza nguvu ya mwanga ubongoni. Asiyafumbe yote mawili ghafula, kwani kumemeta kupitia kope kunaweza kuzidisha hali.

Tano, aliyewahi kuanguka asicheze gemu za miako hadi daktari amchunguze.

Mwisho ni neno kuhusu umeme. Mrija wa televisheni ya kisogo hutumia zaidi ya volti 20,000, na huweza kuhifadhi chaji hata baada ya kuchomolewa kwenye soketi. Kifuniko cha nyuma kifunguliwe na fundi anayejua kuiondoa chaji hiyo, si na baba mwenye bisibisi. Kioo chake kina madini ya risasi, kwa hivyo kisivunjwe uani wanapocheza watoto. Mashine iliyoletwa kutoka Japani inahitaji volti 100, nayo stima yetu ni 240; bila transfoma ya kupunguza nguvu itaungua, na nyumba pia. Mawingu ya ziwa yanapoanza kunguruma, chomoa kila kitu.

Leo jioni, kabla hujaiwasha, vuta kiti cha mtoto nyuma mita 2 na uiache taa iwake. Halafu mwulize kama kikombe kimewahi kumponyoka asubuhi. Akijibu ndiyo, usimkaripie. Mlete hospitalini.