Saa Saba ni Saa Ngapi? Kumfundisha Jirani Mgeni Lugha

Wenzangu wa Chama cha Kiswahili wameniomba nieleze kazi tunayoifanya baadhi yetu Jumamosi, yaani kuwafundisha majirani wageni Kiingereza na Kiswahili nyumbani kwao. Malipo ni chai, tena yenye sukari kupita kiasi.

Familia ninayoifundisha mimi imetoka Sudan Kusini. Mji wetu una historia na watu hawa. Tarehe 20 Julai 2002 Mkataba wa Machakos ulitiwa sahihi papa hapa kati ya serikali ya Sudan na SPLM/A, msuluhishi akiwa Jenerali Lazaro Sumbeiywo. Ndio uliowapa watu wa kusini haki ya kujiamulia kwa kura, na tarehe 9 Julai 2011 wakapata nchi yao. Desemba 2013 vita vikazuka tena. Wengi wakakimbilia Kakuma, wengine wakaja mijini. Mama huyu alilijua jina la Machakos kabla hajaiona stendi yetu.

Sasa mgeni afundishwe nini kwanza? Wengi watasema a, b, ch. Mimi napinga. Watoto wanataka Kiingereza upesi, kwa maana kuanzia Gredi ya nne masomo karibu yote ni kwa Kiingereza, na asiyekijua anaweza kurudishwa chini akae na watoto wanaomfika kiunoni. Mama yao naye anataka maneno ya Marikiti, ya matatu na ya hospitali. Kwa hivyo meza ni moja lakini masomo ni mawili.

Mama anajua Kidinka, na Kiarabu alikisomea Khartoum. Siku ya kwanza alilifungua daftari kutoka nyuma, kwa sababu Kiarabu huandikwa kutoka kulia. Mtu asimcheke, hiyo ni elimu ya namna nyingine. Tena Kiarabu ni akiba kubwa. Tulitandaza vitu mezani, akavitaja: kitab, sukar, sabun. Mimi kazi yangu ilikuwa kuongeza irabu mwishoni tu. Kumbe Kiswahili kingine alikuja nacho!

Lakini akiba hiyo ina mtego wake. Sita, saba na tisa katika Kiarabu cha Juba ni sita, saba na tisa vilevile. Juzi juzi mtoto wake mdogo alikuwa na homa, akaambiwa kwenye kliniki moja amrudishe saa saba. Kwao saa saba ni ile saa ambayo sisi huiita saa moja asubuhi. Alifika alfajiri, akakaa kwenye benchi na mtoto mgonjwa mpaka adhuhuri, akidhani amesahauliwa. Hakuna aliyemdanganya, neno tu ndilo lililokuwa na nyumba mbili.

Basi nikachora saa kwenye kifuniko cha katoni. Waswahili huanza kuhesabu saa jua linapochomoza na tena linapotua, na ndiyo maana kuna tofauti ya saa sita. Hakuna haja ya kujumlisha. Tazama mkono mfupi: namba unaoielekea ni ya Kiingereza na ya Kiarabu, namba iliyo upande wa pili mkabala nayo ni ya Kiswahili. Saba hutazamana na moja, nane na mbili. Aliishika kwa dakika kumi hivi, kuliko hata wengine wetu!

Baada ya saa tulikwenda kwenye dawa. Kwenye bahasha ya vidonge huandikwa 1 x 3. Maana yake ni kidonge kimoja, mara tatu kwa siku. Asiyefundishwa anaweza kumeza vitatu kwa mpigo. Mambo ya kutaja rangi za kalamu kwa Kiingereza yangoje kwanza.

Kuhusu matamshi, usimsumbue mtu. Kidinka cha asili hakina sauti ya s, kwa hivyo wengine sukari huwatoka kama thukari. Na sisi Wakamba r hutugeukia l, na bado tunaeleweka mpaka Mombasa.

Jambo la adabu ni kubwa zaidi. Omba ruhusa kwanza, nendeni wawili, na mambo ya vita msiulize, akitaka atasimulia mwenyewe. Usimsahihishe mama mbele ya watoto wake. Wao hujifunza upesi kumshinda, na wakianza kumcheka atafunga daftari. Mimi huwapa watoto zoezi la kuandika, kisha nakaa na mama jikoni, akikosea tunarudia polepole.

Kwa sasa tuko watatu, na familia mbili zinangoja. Anayetaka kujiunga atupate Jumatano baada ya michezo, na kama kwao kuna saa ya ukutani iliyokufa, aje nayo.