Mashavu ya Mpakani

Anayejipaka vipodozi vya kujing'arisha uso, Waswahili husema anajichubua: kitenzi kile kile cha goti la mtoto aliyeanguka. Wenzetu wa Tanzania wameuita mchanganyiko wenyewe mkorogo, na kweli hukorogwa tu, bila kipimo. Wauzaji wa Busia na Malaba, miji ambayo mpaka wa Uganda umeipasua katikati, wanapenda neno jingine: dawa.

Kenya ilipiga marufuku vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni mwaka 1998. Lakini njia za panya ni nyingi, na kikopo hakijazi hata mfuko wa shati.

Mwanafunzi anayekinunua atarajie nini? Majuma ya kwanza uso hung'aa, sikatai. Hapo ndipo penye mtego. Haidrokwinoni ikitumiwa miaka mingi huweza kuyatia mashavu yale yale mabaka meusi ya kisamawati, nayo hayafutiki kwa urahisi. Zebaki hupenya ngozi ikadhuru figo. Mama akiwa mjamzito, humfikia mtoto tumboni.

Kikopo nilichoonyeshwa Malaba hakikuandikwa kilichomo ndani. Kilikuwa na picha ya msichana anayecheka.