Utunzaji wa Ndege za Kale Zikaazo Nje ya Makumbusho

Neno kutu, kwa matumizi ya kila siku, ni la chuma kwanza. Mtu aonapo wekundu juu ya panga au nanga hana haja ya kuelezwa. Lakini madini yaliyo mengi katika miili ya ndege za karne ya 20 ni alumini, nayo haishiki wekundu: huota unga mweupe mfano wa chokaa, au hufura na kubanduka tabaka kwa tabaka chini ya rangi ambayo bado yaonekana nzima. Kwa hiyo naona yafaa zaidi kusema kwamba ndege huliwa.

Sababu ni hii. Alumini safi hujivika ngozi nyembamba ya kujikinga, ila ni laini mno. Ili ipate nguvu huchanganywa na shaba kidogo, na shaba hiyo huidhoofisha mbele ya maji. Ndipo waundaji wakabuni kulifunika bamba la mchanganyiko huo kwa alumini safi pande zote mbili. Basi mtunzaji apendaye ndege ing'ae, akaisugua mwaka baada ya mwaka, huiondoa kinga yenyewe. Mng'ao huo ni wa hasara.

Tena, parafujo ya chuma ikigusana na alumini penye maji ya chumvi, huzuka umeme mdogo, na iliwayo ni alumini. Kazi ya kwanza, basi, si rangi bali ni kuyatoa maji: vitundu vya tumboni vizibuliwe, na viota vya ndege (wale wa manyoya) viondolewe, kwani hushika unyevu. Mafundi wa pwani yetu hawatashangaa. Jahazi nalo hutiwa kalafati, likapakwa sifa na deheni, wala halingojwi lioze.

Concorde ya mwisho kuruka ilitua Filton, Uingereza, tarehe 26 Novemba 2003, ikakaa nje miaka mingi hadi ilipopata nyumba mwaka 2017. Huko Seattle, Marekani, Boeing 747 ya kwanza kabisa, iliyoruka tarehe 9 Februari 1969, ilitiliwa paa mwaka 2016, lakini paa lisilo kuta. Paa la namna hiyo huzuia mvua na jua kali liharibulo rangi, mipira na vioo. Hewa yenye unyevu haizuiliki, na umande hutua juu ya bamba baridi kama kawaida. Vitundu vya tumboni vyataka kuzibuliwa vile vile.