Porsche 911 Turbo: kutoka sekunde 5,5 hadi 2,7, nini kimebadilika?

Mwaka 1975, Porsche 911 Turbo ya kwanza ilihitaji sekunde 5,5 ili kutoka kusimama hadi kufikia kilomita 100 kwa saa. Mwaka 2020, ndugu yake wa kizazi kipya, 911 Turbo S, alihitaji sekunde 2,7 tu. Zaidi ya nusu ya muda imekatwa. Wengi hudhani siri iko kwenye moteri peke yake, lakini hesabu zinaonyesha mambo mengine.

Gari la kwanza lilionyeshwa kwenye maonyesho ya magari ya Paris mwezi wa kumi 1974, wakati dunia ilikuwa bado na machungu ya kupanda kwa bei ya mafuta. Kampuni hiyo ya Stuttgart, nchini Ujerumani, ilileta moteri ya lita 3 yenye turbo moja kubwa na nguvu za farasi 260. Gari lilikuwa na uzito wa kilo 1.140, vitesi nne tu, na nguvu zote zilipelekwa kwenye magurudumu mawili ya nyuma.

Turbo ni kifaa kinachozungushwa na moshi unaotoka kwenye moteri, nacho kinasukuma hewa nyingi zaidi ndani ya moteri. Kwenye gari lile la zamani kilichelewa kuamka. Shofere alikanyaga mafuta, akangoja kidogo, halafu nguvu zikaja zote kwa mara moja. Zikija katikati ya kona, magurudumu ya nyuma yaliweza kuteleza. Shofere akishtuka na kuondoa mguu ghafla, ilikuwa hatari zaidi: moteri iko nyuma kabisa, na uzito wake uliuvuta mkia wa gari nje ya njia. Hakukuwa na ABS wala kompyuta ya kurekebisha kosa. Ndiyo maana gari hilo lilibandikwa jina la "mtengeneza wajane".

Nguvu peke yake hazitoshi

Turbo S ya mwaka 2020 ina nguvu za farasi 650, yaani mara mbili na nusu ya zile za 1975. Lakini pia imenenepa: ina uzito wa kilo 1.640, kilo 500 zaidi. Zamani kila farasi alibeba kilo 4,4. Sasa anabeba kilo 2,5. Tukifuata hesabu hiyo peke yake, muda ungeshuka hadi karibu sekunde 3,2. Ile nusu sekunde iliyobaki imetoka mahali pengine.

Hata hizo 3,2 zisingepatikana kama magurudumu yangezunguka bure. Hapo ndipo penye kiini cha jambo. Jiwe likiangushwa kutoka juu linahitaji karibu sekunde 2,8 kufikia kilomita 100 kwa saa. Turbo S inalipita jiwe hilo, huku ikienda mbele kwenye lami badala ya kuanguka chini. Ili gari lifanye hivyo, mipira yake inapaswa kuishika barabara kwa nguvu kubwa kuliko uzito wa gari lenyewe. Magurudumu mawili ya nyuma peke yake hayawezi, kwa sababu hayabebi uzito wote.

Mabadiliko hayo yalikuja hatua kwa hatua. Mwaka 1995, 911 Turbo ya kizazi kilichoitwa 993 ilipewa turbo mbili ndogo badala ya moja kubwa, na nguvu zake za farasi 408 zikagawanywa kwenye magurudumu yote manne. Turbo ndogo huamka haraka, na magurudumu manne hushika vizuri kuliko mawili. Muda ukashuka hadi sekunde 4,5. Mipira nayo ilizidi kupanuka: ile ya nyuma ilikuwa na upana wa milimita 215 mwaka 1975, na ilifika milimita 315 mwaka 2020.

Siku mashine ilipomshinda mtu

Mwaka 2006 kulitokea jambo ambalo wapenzi wengi wa magari hawakulipenda. 911 Turbo ya wakati huo iliuzwa kwa namna mbili. Ile ambayo shofere anabadilisha vitesi kwa mkono wake ilifikia kilomita 100 kwa saa kwa sekunde 3,9. Ile ya otomatiki ilitumia sekunde 3,7. Kwa miaka mingi watu waliamini kwamba otomatiki ni ya wavivu, na kwamba mkono wa shofere hodari hauna mpinzani. Namba zikasema kinyume.

Baadaye ikaja mashine ya vitesi yenye ambreyaji mbili. Moja ikiwa kazini, nyingine tayari imeandaa vitesi inayofuata, hivyo nguvu hazikatiki wakati wa kubadilisha. Turbo S ya 2020 ina vitesi nane za namna hiyo, na haiuzwi na ya mkono. Kwa kuondoka, shofere anakanyaga freni kwa mguu wa kushoto, anabonyeza mafuta hadi mwisho kwa mguu wa kulia, halafu anaachia freni. Kazi iliyobaki ni ya kompyuta: inapima mtelezo wa kila gurudumu na kuamua nguvu kiasi gani ziende wapi.

Katika gari la 1975, sekunde 5,5 zilipatikana kwa shofere aliyejua kazi yake. Katika lile la 2020, karibu mtu yeyote anaweza kupata 2,7 mara ya kwanza anapojaribu.

Shofere hana kizazi kipya

Hapo ndipo penye swali zito. Gari limebadilika, lakini jicho na mguu wa mtu ni vilevile. Mtu akiona hatari ghafla, anaweza kuchukua sekunde moja nzima kabla mguu wake haujagusa freni. Kwa mwendo wa kilomita 100 kwa saa, gari linakuwa limekwisha kwenda mita 28. Zamani shofere alikuwa na sekunde tano na zaidi za kuona kasi ikipanda na kubadili mawazo. Leo hana hata tatu.

Msaada wa kompyuta haukubaki kwa matajiri. ABS inapatikana leo kwenye magari mengi ya kawaida, yakiwemo yale ya mitumba yanayoingia Goma, Bukavu na Lubumbashi. Taa yake ya njano ikiwaka na kukataa kuzimika, freni za kawaida huweza kuendelea kukamata, lakini ule msaada haupo tena. Shofere wa namna hiyo, hata kama gari lake ni la juzi, anaendesha kama mtu wa 1975.

Porsche yenyewe haijasimama. Mwaka 2025 ilionyesha Turbo S mpya yenye nguvu za farasi 711 na msaada wa umeme, ambayo inafikia kilomita 100 kwa saa kwa sekunde 2,5. Ukilinganisha na hatua za zamani, faida ni sekunde 0,2 tu, kwa farasi 61 zaidi. Kasi yake ya mwisho hata imeshuka, kutoka kilomita 330 hadi 322 kwa saa. Barabara na mipira ndivyo vinavyoweka mpaka sasa, na kila sehemu ya sekunde inayokatwa inagharimu zaidi kuliko ile iliyotangulia.